Mzigo na Mchukuzi: Habari za Kufunga Vitu Vizito katika Njia ya Tabora

Wenzangu walioandika katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu wameeleza mambo ya mazao, bei, mikopo na maghala. Mimi nimetakiwa niandike jambo la historia, nami nimechagua habari ya kufunga mizigo, hasa mizigo mizito na ile isiyokuwa na umbo la kawaida. Huenda ndugu mwanachama akaona kwamba hii ni habari ndogo, ya makarani wa stoo na mafundi seremala. Namwomba anisikilize, maana mji wetu wa Tabora ulizaliwa na mizigo. Haukukaa kando ya bahari wala kando ya mto mkubwa. Ulikaa mahali ambapo njia kuu ya kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja ikaenda magharibi hata Ujiji katika Ziwa Tanganyika, nyingine ikaenda kaskazini hata Karagwe na Buganda. Kabla reli haijafika mwaka 1912, kila kitu kilichoingia Tabora kutoka pwani, kuanzia sindano hata kipipa cha baruti, kilikuja kwa miguu ya watu, na mara chache kwa mgongo wa punda.

Mzani wa njia ile ulikuwa bega la mtu. Wafanyabiashara wa pwani walipima kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35, yaani kama kilo 16 kwa vipimo vya sasa. Mpagazi wa safari ndefu alichukua kama frasila mbili, mbali na vyombo vyake mwenyewe: chungu, mkeka, posho na silaha. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni mwendo wa kilomita kama 1,200, wala hakuubeba mzigo huo siku moja akapumzika. Aliubeba kwa miezi. Ukimwongezea ratili kumi pale pwani kwa sababu waona ana kifua kipana, ratili hizo kumi zitakudai mbele, katika mbuga za Ugogo pasipo maji, naye ataziweka chini ya mti aende zake. Wazee wa misafara walilijua jambo hili, wala hawakubishana na bega.

Mtu wa leo atauliza: kwa nini hawakutumia magari ya ng'ombe? Yalijaribiwa. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitoka Saadani na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakitumaini kufika nayo hata ziwani. Ng'ombe walikufa njiani kwa mbung'o, magari yakaachwa, na wamisionari waliofika Ujiji mwaka 1878 walifika kwa msaada wa mapagazi kama watu wengine wote. Basi njia ikabaki ya mguu, nyembamba, ya watu kufuatana mmoja nyuma ya mwenzake, yenye miiba huku na huku. Katika njia ya namna hiyo mzigo mpana ni mbaya sawasawa na mzigo mzito. Nawaomba wasomaji walishike neno hili la upana, kwa kuwa nitalirudia.

Ufungaji uliotawala njia yetu ni mtumba. Siku hizi neno hili limeshuka cheo, na kijana akilisikia hufikiri suruali kuukuu za sokoni. Lakini nguo hizo zimeitwa mitumba kwa sababu huja zimefungwa kama mtumba, na mtumba wenyewe ni wa zamani kuliko hizo. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora tarehe 7 Novemba 1857, wakati pakiitwa Kazeh, aliandika kwa urefu jinsi ulivyofungwa. Nguo za merikani na kaniki zilikunjwa, zikapangwa, zikakazwa kwa nguvu mpaka zikawa kitu kimoja kigumu cha mviringo, mfano wa mto mrefu wa kulalia, urefu wake futi tano hivi. Kisha zilizungushiwa mkeka na kamba, na mtumba ukafungiwa matawi yaliyounganishwa kama panda ili yaushike pande zote.

Matawi hayo ndiyo akili yenyewe. Mpagazi akitaka kupumzika hakuulaza mtumba wake chini, palipo na mchwa na unyevu. Aliuegemeza kwenye mti, ukasimama kwa miguu yake ya matawi. Akitaka kuendelea, aliinama kidogo, akauingiza bega, akaenda; hakuhitaji mtu wa kumtweka. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: msafara wa watu mia tano, kila mmoja akihitaji mwenzake wa kumtweka mara kumi kwa siku, ungefika lini? Matawi mawili matatu yaliyokatwa porini bila gharama yaliokoa kazi ya watu wengi kila kituo. Mimi nayahesabu kuwa ndugu wa chaga za mbao tunazopangia magunia ghalani, maana kazi yake ilikuwa ile ile: kuutenga mzigo na ardhi, na kumrahisishia mchukuzi.

Vitu vingine vilikuwa na desturi zake. Ushanga ulitiwa katika mifuko mirefu myembamba ulale vizuri. Masango, yaani nyaya nene za shaba, yaliviringwa yakatundikwa ncha mbili za mti, mchukuzi akauweka mti begani kama wachota maji wafanyavyo kwa mzegazega. Tena palikuwa na tofauti ya watu. Wanyamwezi walichukua begani, na watu wa pwani aghalabu walichukua kichwani; mzigo uliofungwa kwa kichwa haukai begani, na wa bega haukai kichwani. Kwa hiyo mfungaji hodari hakuanza kwa kuuliza kitu ni nini. Alianza kwa kuuliza nani atakichukua. Kasha la mbao lenye kona nne kali lilikuwa adui wa bega la Mnyamwezi, hata kama lilikuwa jepesi.

Kitu kimoja tu kilimlazimisha mchukuzi kukifuata badala ya kumfuata, nacho ni pembe ya ndovu. Nguo waweza kuzigawa, ushanga waweza kuupunguza, lakini pembe kubwa ukiikata ili iwe nyepesi umeharibu bei yake. Basi pembe ilipita nzima. Za kadiri zilikwenda kwa mtu mmoja mwenye nguvu. Zilizozidi zilifungwa kwenye mti zikachukuliwa na watu wawili. Wachukuzi wa pembe walikuwa watu wa fahari katika msafara, na pembe ilitundikwa kengele kwenye ncha, ikilia kwa kila hatua. Burton aliona kengele hizo akazitaja. Mwenyewe nadhani hazikuwa za fahari tu: kiongozi aliye mbele, asiyeweza kutazama nyuma katika njia ya miiba, alisikia kwa masikio kwamba mali ya thamani kuliko zote bado inakuja.

Wanyamwezi walikuwa pia na maarifa ya kutengeneza kasha bila ubao wala msumari. Miti ya miombo hubanduliwa gome zima likatoka kama bomba, nalo likikaushwa huwa gumu na jepesi. Kwa gome hilo hutengenezwa mizinga ya nyuki, ambayo wanachama wetu wa Sikonge wanaijua kuliko mimi, na kwa gome hilo hilo vilitengenezwa vilindo vya kuhifadhia nafaka, nguo na tumbaku. Nayataja haya kwa sababu ya mzigo mmoja uliopita katika nchi yetu mwaka 1873, ambao naona ndio uliofungwa kwa akili kuliko yote.

Dk. David Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kimo katika nchi ya Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliazimia kuupeleka mwili pwani ili uvushwe bahari. Waliukausha juani, wakauzungushia nguo, wakaikunja miguu ili kuupunguza urefu, wakautia ndani ya gome la mti lililobanduliwa, wakashonea turubai juu yake, kisha wakaufunga kwenye mti uchukuliwe na watu wawili. Tazama mpango wao. Walifupisha kwanza. Walipata kasha gumu lisilo zito kutoka mti wa karibu. Walizuia maji. Na idadi ya wachukuzi ilijulikana kabla kamba ya mwisho haijafungwa.

Mwezi Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, yaani hapa kwetu, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Aliwashauri wamzike hapa hapa. Walikataa. Lakini walipoendelea mbele, mahali paitwapo Kasekera, waliona kwamba wenyeji hawatakubali maiti ipite katika nchi yao, na kila mtu aliyeona mzigo ule mrefu juu ya mti alijua ni nini. Ndipo wakabadili ufungaji. Walitangaza kwamba wameshindwa na wanaurudisha mwili Unyanyembe ukazikwe. Wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo mfano wa maiti, na watu sita wakaondoka nayo kurudi nyuma kwa heshima zote. Giza lilipoingia wakayatupa mabua moja moja porini. Mwili wenyewe ulitolewa katika gome lake, ukafungwa upya uwe kama mtumba wa kawaida wa nguo. Ukapita. Februari 1874 ulifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa katika Westminster Abbey, London. Watu wengi huisifu safari hii kwa uaminifu wa Susi na Chuma, nao wastahili sifa hiyo. Mimi kama mtu wa stoo naongeza kwamba uaminifu peke yake usingevuka Kasekera.

Sasa tuje kwenye mashua, maana katika mashua ndipo Wazungu walipofundishwa na njia yetu. Kila msafiri aliyekwenda kwenye maziwa makuu alitamani kuwa na chombo chake, na kila mmoja aliona kwamba chombo ni kirefu na mapagazi ni wafupi. Burton na mwenzake Speke walikuwa na mashua ya chuma iliyotengenezwa vipande vipande, jina lake Louisa. Waliiacha pwani kwa kukosa wachukuzi wa kutosha. Pengine waliona wamepunguza gharama. Walipofika Ujiji mwezi Februari 1858 hawakuwa na chombo. Speke akavuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kuazima jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu, akarudi karibu mwezi mmoja baadaye bila jahazi. Mwishowe walikwenda kwa mitumbwi mpaka Uvira, wasifike mwisho wa kaskazini wa ziwa kuuona mto Rusizi kwa macho yao. Swali la kama mto ule unaingia ziwani au unatoka likabaki likibishaniwa huko Ulaya kwa miaka. Waweza kusema kwamba ubishi ule wote ulitokana na vipande vya bati vilivyobaki pwani.

Henry Stanley alifanya vingine. Kwa safari yake ya 1874 aliagiza mashua ya mti wa mwerezi huko Teddington karibu na London, yenye urefu wa futi 40, igawanyike vipande vitano, akaiita Lady Alice. Mashua ilikuja Unguja nzuri ya kupendeza, lakini vipande vyake vilikuwa vizito na vipana kupita kiasi cha njia ya Bara. Fundi wa Teddington alikuwa hodari wa mashua. Njia ya miiba hakuijua. Stanley hakuondoka nayo hivyo hivyo kwa kutumaini Mungu atasaidia. Alimtafuta seremala hapo Unguja, vipande vikagawanywa tena, ndipo msafara ukaondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Wachukuzi wa mashua walichaguliwa miongoni mwa wenye nguvu, wakapewa mshahara na posho kupita wenzao. Mwisho wa Februari 1875 mashua ilikuwa kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1876 ikazunguka Ziwa Tanganyika, na ikaachwa katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877, baada ya kuvuka bara karibu lote. Siwasifu Stanley na bunduki zake. Habari zake nyingine zajulikana. Nasifu zile siku chache za seremala pale Unguja.

Yuko na baharia Edward Hore wa wale wamisionari niliowataja. Mwaka 1882 alileta mashua ya chuma iitwayo Morning Star, vipande vyake vikiwa juu ya vigari vya magurudumu vilivyokokotwa na watu badala ya ng'ombe, akafika nayo Ujiji mwanzoni mwa 1883. Kwa hiyo lile gari lililowashinda wenzake mwaka 1877 yeye aliligeuza likatii: aliondoa ng'ombe, akaacha gurudumu. Mkewe, Annie Hore, alikuja baadaye akichukuliwa katika kiti kilichotengenezwa kwa wagonjwa wa Ulaya, akaandika kitabu kizima juu ya safari hiyo. Wale waliomchukua hawakuandika.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Watu walidhani kwamba taabu ya kufunga mizigo imekwisha, kwa kuwa behewa halichoki wala halidai posho. Lakini behewa nalo lina bega lake. Reli ya Kati ni ya upana wa mita moja, na kitu kinachozidi kiasi cha behewa na madaraja yake hakipiti, ungelipa fedha kiasi gani. Wadachi walipotaka kuweka meli kubwa katika Ziwa Tanganyika waliliona hilo mapema. Meli hiyo, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita kama 70, iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg. Iliungwa kwanza huko huko ili kuhakikisha kwamba kila kipande kinakaa mahali pake. Kisha ikafunguliwa, ikatiwa katika makasha kama 5,000, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli. Mafundi watatu wa kiwanda hicho walikuja Kigoma kuiunga tena pamoja na wafanyakazi wa hapa. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Makasha elfu tano! Katibu yeyote aliyewahi kupokea shehena ya makasha hamsini tu ya pembejeo, akakuta mawili hayapo na hati inasema yapo, ataelewa maana ya hesabu hiyo. Meli isingekamilika kwa kukosa kasha moja lenye vyuma vya usukani. Kilichoiokoa si nguvu ya mbao; ni alama iliyokuwa juu ya kila kipande na kila kasha, na mtu wa kuisoma alipofika.

Vita vilipogeuka, mwezi Julai 1916, Wadachi waliizamisha meli hiyo karibu na mlango wa mto Malagarasi isitekwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Naona hata kuzamishwa huko kulikuwa ni kufunga mzigo: waliufunga kwa grisi, wakauweka chini ya maji, wakatumaini kuufungua siku moja. Waliofungua ni Waingereza, walioiinua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikachukua abiria, dagaa na mizigo ya watu wa ziwani kwa miaka mingi kupita umri wa wote walioipakia.

Katika vita hivyo hivyo Waingereza walipitia upande wa pili. Mwaka 1915 Kamanda Spicer-Simson alileta motaboti mbili, Mimi na Toutou, kila moja kama futi 40, kwa meli mpaka Cape Town, kwa reli mpaka Katanga, kisha kwa nchi kavu kupitia milima ambayo, kwa bahati nzuri ya mwandishi wa makala haya, huitwa Mitumba. Hazikufunguliwa. Kila moja ilitengenezewa kitanda chake cha kuilaza, ikakokotwa nzima kwa mitambo ya moshi na kwa ng'ombe wengi. Mwishoni mwa Desemba 1915 zilikuwa ziwani, na tarehe 26 ya mwezi huo zikaiteka meli ya Wadachi iliyoitwa Kingani.

Basi katika ziwa moja, wakati mmoja, twaona njia mbili. Ya kwanza ni kukifungua kitu kilingane na mchukuzi. Ya pili ni kumtengenezea kitu kitanda maalumu. Ya kwanza inataka muda, alama, na fundi wa kuunga huko mwisho. Wadachi walikuwa na vyote vitatu. Ya pili yafaa pale ambapo kitu kikifunguliwa chaharibika, au pale ambapo hakuna fundi mwisho wa safari, kama pembe ya ndovu ilivyokuwa. Kuna na njia ya tatu, ya kukiweka kitu juu ya chochote kilichopo na kukifunga kamba, nayo hutumika sana siku hizi kwa kuwa ni rahisi kwa siku ile ya kwanza.

Sitakaa sana juu ya mradi wa karanga, ulioleta Urambo matrekta na mitambo mizito kwa reli tangu mwaka 1947 ukafa mwaka 1951. Ulituachia mashamba yaliyokwisha kufyekwa, na Urambo ikageuka nchi ya tumbaku.

Tumbaku ndiyo iliyotufundisha sisi wa leo kufunga. Mkulima wa Tabora anajua kwamba robota lililofungwa kwa junia la katani au juti na nyuzi zinazokubaliwa huuzwa, na robota hilo hilo likiwa na uzi wa plastiki ndani hutiliwa shaka na mnunuzi, hata kama majani ni ya daraja la kwanza. Hajadili gharama ya nyuzi. Anaiweka katika hesabu za msimu pamoja na mbolea na kuni. Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo, akiisha kuwa mjumbe wa mkutano mkuu, huona ufungaji wa mashine kuwa ni anasa.

Katika mkutano mkuu uliopita tulipofika kwenye makisio ya kuagiza mashine ya kukoboa mpunga kwa ajili ya wanachama wa Nzega na Igunga, mstari ulioleta mjadala mrefu ulikuwa ule wa kasha. Mzee mmoja wa heshima aliuliza kama tunanunua mashine au tunanunua mbao. Mwenyekiti aliniagiza nijibu kwa maandishi, na sehemu ya jibu ndiyo hii.

Wajumbe wanaikumbuka mashine ya chama kimoja jirani, ambacho sitakitaja, wala kampuni iliyoileta. Ilikuja imefungwa kwa mikanda juu ya chaga ya kawaida, iliyotengenezwa kwa magunia. Uzito wake haukuwa katikati. Motokaa yote ya umeme ilikuwa upande mmoja. Bandarini palikuwa na foklifti, ikainuliwa salama. Barabarani ilifika salama. Kilichobaki ni mita kumi tu, kutoka lori mpaka mlango wa ghala, na hapo hapakuwa na foklifti. Palikuwa na vijana kumi na wawili na mtaimbo. Ubao wa upande mzito ulivunjika, mashine ikalala, ekseli kuu ikapinda. Ilingoja kipuri miezi minne. Mavuno yakaja yakapita, na wanachama wakapeleka mpunga wao kwa mashine za watu binafsi kwa bei waliyoambiwa. Fedha iliyookolewa katika kasha ilikuwa ndogo kuliko hasara ya wiki moja ya msimu ule.

Kwa hiyo katika barua ya kuagiza mashine yetu, kamati imetaka mambo haya. Muuzaji aandike uzito kamili, na achore alama ubavuni mwa kasha kuonyesha uzito umeegemea wapi. Chini ya kasha pawe na miti miwili minene ya kupita urefu wote, yenye nafasi ya kupitisha mtaimbo na magogo ya kuviringishia, maana ghala letu halina foklifti wala halitakuwa nayo mwaka huu. Miguu ya mashine ikazwe kwenye miti hiyo kwa bolti, si kwa misumari. Motokaa na roli za kukobolea zitolewe, kila kimoja kiwe na kasha lake, na kila kasha lipewe namba iliyomo katika hati, kwa kuwa fundi wa kuziunga tunaye. Mbao ziwe zimepitishwa katika joto kwa kanuni ya kimataifa ya kulinda mimea, yaani nyuzi 56 za Selsiasi mpaka kiini cha ubao kwa dakika 30, na zipigwe muhuri wake. Bila muhuri shehena yaweza kuzuiwa bandarini kwa ajili ya wadudu.

Tena kuna lile neno la upana. Mlango wa kontena la futi 20 una upana wa kama mita 2.34 na kimo cha kama mita 2.28, na muuzaji, kama yule fundi wa Teddington, alipima kasha lake kwa mlango huo tu. Fundi wetu alikwenda na futi kamba kupima mlango wa ghala, akakuta ni mwembamba zaidi. Tumempelekea muuzaji kipimo cha ghala, naye amekubali kupunguza kasha bila kuongeza bei.

Kuhusu mbao zenyewe, mashine ikiisha kuwekwa kasha litafunguliwa kwa uangalifu, na miti yake ya chini itafanywa chaga za ghala. Vyama vya msingi vitatu vimekwisha kuniandikia barua kuziomba, kabla mashine haijapanda meli, nami nimewajibu wote kwamba barua zao zimepokelewa.